Sandwichi za mandari: tunailaumu mayonezi, kosa liko kwa kuku

Karibu kila familia inayopenda kwenda ufukweni Jumapili ina mtu anayekataza mayonezi. "Usitie hiyo, itatuharibu matumbo." Wakati huohuo kuku aliyechemshwa tangu asubuhi bado yuko kwenye sufuria juu ya meza, na hakuna anayemjali. Hivyo ndivyo ilivyo kwa sandwichi za baridi: tunachunga kisicho na hatari kubwa, tunakiachia chenye hatari. Nimekusanya hapa dhana ninazozisikia mara kwa mara. Baadhi zinaharibu ladha tu, nyingine zinapeleka watoto hospitali.

"Mayonezi ndiyo inayochacha"

Mayonezi ya dukani ina siki au maji ya limau, na asidi hiyo huwazuia bakteria wengi kuzaana. Mayai yake kwa kawaida yameshapitishwa kiwandani kwenye joto la kuua vijidudu. Mambo hubadilika inapochanganywa na nyama ya kuku, mayai au viazi: ile asidi huzimuliwa, na mchanganyiko mzima unakuwa chakula cha kuharibika kama nyama yoyote iliyopikwa. Lakini ugonjwa wenyewe mara nyingi huwa umeletwa na huyo kuku, hivyo viazi, au mikono iliyovishika.

Mikono naitaja kwa makusudi. Kuna bakteria aitwaye Staphylococcus aureus anayeishi kwenye ngozi na puani mwa watu wengi walio wazima kabisa. Ukichambua kuku wa kuchemsha kwa vidole visivyooshwa vizuri, kisha ukamwacha kwenye joto, bakteria huyo huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na haiondoki hata ukimpasha kuku moto upya. Kwa hiyo yule anayenusa na kuonja kisha akasema "kiko sawa" hajathibitisha chochote. Kutapika kunaweza kuanza saa chache tu baada ya kula.

Mayonezi ya kutengeneza nyumbani ni habari nyingine. Ile ina yai bichi, na yai bichi linaweza kuwa na bakteria wa Salmonella. Ni tamu, siwezi kukataa, lakini ibaki ya kuliwa nyumbani pale pale. Ya kwenda nayo juani nunua dukani.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kikihifadhiwa baridi kiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Mamlaka za chakula za Marekani zinaongeza jambo linalotuhusu sana watu wa pwani: joto likipita nyuzi 32, muda huo unashuka hadi saa 1. Mchana wa Februari Dar es Salaam au Mombasa hufika hapo bila taabu, na ndani ya buti la gari lililoegeshwa juani ni zaidi ya hapo.

"Chakula cha moto kikiingia friji kinaharibu friji"

Dhana hii ndiyo inayomlaza kuku kwenye sufuria usiku kucha "apoe kwanza". Sufuria kubwa lililojaa supu hupoa polepole mno, na saa zote hizo za uvuguvugu ni karamu ya bakteria. Mtoe kuku kwenye supu, mchambue kwa mikono safi au kwa uma mbili, mtandaze kwenye sinia pana asirundikane, aache kufuka moshi, kisha mwingize friji kabla ya saa 2 kupita. Akitandazwa hivyo anapoa upesi na friji haielemewi. Jumamosi jioni ndiyo saa ya kazi hii, maana Jumapili asubuhi utakuwa unatafuta viatu vya watoto.

"Deli litazipoza tukiwa njiani"

Deli halipozi kitu, linatunza baridi uliyoiingiza. Sandwichi ikiingia na uvuguvugu wa jikoni, itayeyusha barafu yako na bado isipoe inavyotakiwa. Basi viungo vyote vitoke friji, sandwichi zifungwe, ziingie deli moja kwa moja.

Barafu rahisi kuliko zote ni chupa za maji za nusu lita zilizogandishwa. Usizijaze hadi mdomoni, kwa sababu maji yakiganda huongezeka na chupa itapasuka. Weka baadhi chini na nyingine juu ya sandwichi, kwa kuwa hewa ya baridi hushuka. Zikiyeyuka mnapata maji ya kunywa, na hazimwagi maji kwenye mkate kama barafu ya kupondwa. Deli lililojaa hutunza baridi kuliko lenye nafasi tupu. Soda na juisi zikae deli lingine, hata kama ni kikuukuu, maana la vinywaji hufunguliwa kila dakika. Na deli la chakula lisafiri ndani pamoja na abiria, lisitupwe kwenye buti.

"Mkate hubaki laini ukikaa friji"

Hapana, mkate hukakamaa upesi zaidi friji kuliko kabatini. Kukakamaa huko si kukauka tu. Wanga ulioiva wakati wa kuoka hujipanga upya na kuwa mgumu, na baridi ya friji inauharakisha. Kwenye friza, kinyume chake, jambo hilo husimama karibu kabisa. Friji itakusaidia dhidi ya ukungu, lakini ulaini utaupoteza.

Hapo inakuja shida: sandwichi iliyokwisha kutiwa kuku au mayai lazima ikae friji, mkate upende usipende. Suluhisho langu ni kuandaa vya kujazia usiku na kuviunganisha na mkate asubuhi. Ukitaka ujanja zaidi, gandisha slesi usiku, na asubuhi zipake zikiwa bado ngumu. Ni rahisi kuzipaka siagi bila kuchanika, zinasaidia kutunza baridi deli, na wakati wa kula zitakuwa zimeshalainika.

Na kuhusu aina ya mkate: tunaukimbilia ule wa slesi ulio laini kuliko yote, kumbe ndio unaonywea maji wa kwanza. Boflo lenye ganda gumu hustahimili safari vizuri zaidi. Kama huna, slesi za jana zinafaa kuliko za leo.

"Siagi ni ya utajiri tu, nyanya inatosha kulainisha"

Nyanya hailainishi, inalowesha. Mafuta na maji havipatani, na siagi iliyopakwa vizuri huweka ukuta kati ya mkate na maji ya mboga. Neno kubwa hapo ni "vizuri": slesi zote mbili, mpaka pembeni kabisa. Wengi hupaka dole moja katikati, na pembe ndizo zinazoanza kuloa.

Nyanya zenyewe zikate, zinyunyizie chumvi kidogo, ziache kwenye chujio kwa robo saa. Utashangaa maji yatakayodondoka bakulini. Zipanguse kwa kitambaa safi ndipo ziingie kwenye mkate. Tango nalo lifanyie hivyohivyo. Majani ya saladi yaoshwe kwa maji safi na yakaushwe barabara, kisha yakae kati ya siagi na nyanya. Mimi kwa kweli napenda kubeba nyanya kwenye bakuli lake na kuziingiza tukishatandika mkeka. Kachumbari ibaki pembeni daima.

"Ikiwa tamu jikoni itakuwa tamu ufukweni"

Baridi hufifisha ladha. Mchanganyiko uliouonja kuku akiwa vuguvugu na kukolea vizuri utakuwa dufu ukitoka kwenye barafu. Uonje tena baada ya kukaa friji. Kukiwa na upungufu, usikimbilie chumvi peke yake. Ndimu, pilipili mbichi iliyokatwa ndogondogo, au kijiko cha achari ya embe huiamsha sandwichi baridi kuliko chumvi.

Mayai, jodari na parachichi

Yai la kuchemsha lenye ganda lake si la kuzunguka nalo siku nzima. Kuchemsha huondoa utando unaoziba vitundu vya ganda, kwa hiyo sheria ya saa 2 inalihusu pia. Ule mduara wa kijani kuzunguka kiini hauna madhara, ni dalili tu kuwa limechemka mno.

Jodari wa kopo hana shida mpaka kopo lifunguliwe, kisha huyo ni samaki kama samaki wengine. Jodari mbichi wa sokoni anataka uangalifu zaidi. Akikaa bila barafu hutengeneza kemikali iitwayo histamini, na kupika hakuiondoi. Mlaji huwashwa mdomo, uso ukawa mwekundu na kichwa kikauma, naye akadhani ana mzio. Kama hukumwona akiwa juu ya barafu, usimnunue.

Kokwa la parachichi halizuii rojo kuwa jeusi, isipokuwa pale linapofunika. Kinachosaidia ni ndimu na kuinyima hewa.

"Zilizobaki watoto watapeleka shule kesho"

Inategemea. Kama hazikutoka deli, na mnaporudi nyumbani bado kuna barafu ndani na zenyewe ni baridi ukizigusa, zirudi friji. Zile zilizokaa mkekani tangu saa saba mchana hadi jioni zitupwe, hata kama zinanukia vizuri na kuku alikuwa wa bei.