Lodi, 10 Mei 1796: daraja lilivukwaje?

Tuanze kwa kuondoa mkanganyiko: mchoro maarufu wa Napoleon Bonaparte, jenerali wa Kifaransa, akiwa na bendera darajani ni wa pigano la Arcole, Novemba mwaka huohuo. Lodi, mji wa kaskazini mwa Italia ambako Wafaransa wake walipigana na Waaustria, ni habari nyingine.

Daraja lilikuwa la mbao, jembamba, lenye urefu wa karibu mita 200, juu ya mto Adda kusini-mashariki mwa Milan. Ng'ambo alikuwepo Jenerali Sebottendorf na Waaustria wapatao 10,000, walioachwa kulinda jeshi la kamanda wao mkuu, Beaulieu, likirudi nyuma. Alikuwa na mizinga kama 14.

Mbona hawakulivunja? Kwanza walilihitaji wenyewe, maana vikosi vyao vya mwisho vilikuwa bado upande wa mjini. Vilipovuka, Bonaparte alikwishaweka mizinga ukingoni, na aliyesogelea mbao zile alimiminiwa moto. Sebottendorf angeweza kuondoka, lakini askari wake walikuwa hoi, na kurudi nyuma mchana mbele ya adui ni hatari. Akaamua kusubiri giza. Bonaparte hakumpa nafasi hiyo.

Jioni, magrenadia na makarabinia (askari wa miguu wateule) wa jenerali wa Kifaransa Dallemagne walijipanga nyuma ya kuta za mji, adui asiwaone, kisha wakatoka mbio. Piga hesabu: kukimbia mita 200 na bunduki mkononi, katika msongamano, kunachukua dakika mbili hivi. Mzinga unaorusha kopo la bati lililojaa goroli za chuma hupiga mara mbili kwa dakika. Wakisimama tu, wamekwisha. Na kweli walisimama, katikati ya daraja. Ikabidi makamanda wao Masséna, Berthier, Lannes, Cervoni na Dallemagne wakimbilie mbele kuwavuta. Wengine waliteremka kwa nguzo hadi penye maji mafupi, wakawafyatulia wapiga mizinga kutoka chini. Kwangu mimi hapo ndipo shambulio liliponusurika; ujasiri peke yake ulikwishakwama.

Wapanda farasi wa Kifaransa, chini ya Beaumont, walikuwa wametumwa kutafuta kivuko upande wa juu wa mto, wampige adui ubavuni. Walichelewa.

Waaustria walipoteza mateka wapatao 1,700 pamoja na mizinga yao, na tarehe 15 Bonaparte akaingia Milan. Ila windo lenyewe lilimponyoka: Beaulieu alikwishatangulia mashariki na jeshi lake kubwa, kuelekea mto Mincio.