Vikombe viwili nyuma ya mgongo: kusoma taroti wakati wa shida

Wanaonijia wakiwa na shida karibu wote huuliza jambo moja: "Itakuwaje?" Kazi imekwisha, ndoa inayumba, ugonjwa umeingia nyumbani, nao wanataka taroti, karata za picha ninazowasomea, ziwatajie siku. Kabla sijachanga karata huwaomba tuligeuze swali. "Je, atarudi?" linakuwa "Niubebeje moyo wangu katika kipindi hiki?" Karata haijui tarehe. Kazi yake ni kukuwekea picha mbele ya macho, na picha ikikaa mbele yako kwa utulivu, unajikuta umelisema lile ulilokuwa ukijifichia mwenyewe. Hapo ndipo mwongozo unapoanzia.

Taroti ina karata 78. Karata kuu ni 22, zikiwemo Kifo, Mnara na Nyota. 56 zilizobaki, yaani karata ndogo, ni za aina nne: vikombe, panga, fimbo na sarafu. Aliyezoea karata za kawaida si mgeni kabisa hapa, kwani kopa, shupaza, pau na uru ni majina tuliyoyapata kwa Wareno, na kwao yalimaanisha vikombe, panga, magongo na dhahabu. Taroti yenyewe ilianza Italia katika karne ya 15, tena kama mchezo tu; ni katika karne ya 18, huko Ufaransa, ndipo ilipoenea kutumiwa kwa ubashiri. Humweleza hivi kila anayekuja na hofu, na mara nyingi naona mabega yake yanashuka.

Mimi hutumia zile zilizochorwa na Pamela Colman Smith, zilizotoka London mwaka 1909. Nazipenda kwa sababu hata karata ndogo alizichorea watu na matukio. Chukua Vikombe Vitano. Mtu amejifunika joho jeusi, kichwa kimeinama. Mbele yake vikombe vitatu vimeanguka na kumwaga vilichobeba. Nyuma yake viwili vimesimama wima, naye hajavigeukia. Mbali kuna mto, daraja, na nyumba ng'ambo.

Karata hiyo ilimtokea bwana mmoja aliyekuwa amefiwa na mkewe. Niliogopa kusema lolote, nikanyamaza. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya vile viwili: "Na hivi?" Nikamrudishia swali lake. Akataja binti yake, akataja dada yake ambaye simu zake alikuwa hapokei tangu mazishi. Akalia sana. Sikumharakisha na sikumwambia vile vitatu si kitu, kwa maana vilikuwa kitu kikubwa mno.

Hatari ipo, nami niliijua kwa kuipitia. Mama yangu alipougua nilichanga karata mara tatu usiku mmoja kwa swali lilelile, na kila jibu nililikataa. Nilikuwa natafuta kutulizwa, na woga ndio uliokuwa ukisoma. Tangu hapo nashika utaratibu: swali moja, karata tatu, naandika nilichoona katika daftari, kisha karata zinarudi kwenye kitambaa chake. Swali halirudiwi mpaka jambo lenyewe liwe limebadilika.

Mambo ya dawa na sheria siyasomei karata. Hayo yana wenyewe. Na mtu akiniambia amechoka kuishi, naziweka karata kando pale pale na simwachi peke yake mpaka awe mikononi mwa mtu wake wa karibu na mtaalamu wa kumsaidia.

Yule bwana alirudi baada ya miezi kadhaa. Hakutaka nichange. Aliomba tu nimtolee Vikombe Vitano, akaishika mkononi, na safari hii akaniuliza habari za daraja.