Pesa ya Mwani Ikiingia Kwenye Nyumba, Iandikwe

Kila Novemba 25 inapokaribia, siku zinapoanza zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, benchi la nje ya ofisi yetu ya msaada wa sheria halitoshi. Redio zimetangaza, masheha wametangaza, na kinamama wanaitika. Tunashukuru. Lakini wengi, ndoa ikishavunjika, huja na neno moja: "Nataka nusu yangu." Nusu ya nini? Ya nyumba. Ushahidi uko wapi? "Mtaa mzima unajua."

Zanzibar hakuna nusu kwa nusu. Tumelisema hili barazani, tumelisema misikitini tulipokaribishwa, na bado haipiti wiki bila mtu kunionesha kwenye simu kipande cha video cha wakili wa Dar es Salaam. Wakili yule hakosei, anazungumzia sheria ya kwao. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatumika Tanzania Bara tu. Ile kesi ya mwaka 1983 ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambayo Mahkama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango, ilisimama juu ya sheria hiyohiyo. Na hata huko, Bi Hawa mwenyewe hakupewa nusu. Naomba video hizo tupumzike nazo.

Kwetu kuna Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Ndani yake kadhi amepewa mamlaka ya kugawa mali ya wanandoa wanapotalikiana au kutengana, pale ambapo kuna mchango halisi. Yote yamo katika maneno hayo mawili ya mwisho. Kadhi haulizi nani alipika miaka kumi na minane. Binafsi naona pangepaswa kuulizwa, ila kazi yangu hapa ni kueleza sheria ilivyo. Anachouliza ni nani alitoa nini, lini, na nani alishuhudia.

Mama mmoja wa upande wa mashariki, kule kwenye mwani, alikuja kwetu mwezi wa tatu baada ya eda kumalizika. Kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989 pale Paje na Jambiani, na tangu hapo wakulima wengi ni wanawake. Mwanamke hushuka na bamvua, anapigilia vigingi, anafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vyembamba, maji yakimfika kiunoni anarudi na gunia kichwani. Mama huyu alinunua mabati yote ya nyumba kwa pesa hizo, na saruji ya sakafu. Risiti zote za dukani zimeandikwa jina la mume, kwa sababu mume ndiye aliyekwenda dukani.

Aliyemuokoa ni binti yake. Katika kurasa za nyuma za daftari la hesabu la skuli, mtoto yule wa Kidato cha Pili alikuwa akimwandikia mama kila mzigo uliopimwa: tarehe, kilo, bei, jina la mnunuzi, na pembeni "mabati 12", "mabati 8", "saruji". Karatasi zimekunjamana kwa chumvi, lakini zinasomeka. Tukaongeza daftari la kikundi chake cha hisa, cha kuweka na kukopa, lenye mihuri na mkopo aliouchukua mwezi uleule wa mabati, na fundi akakubali kuja kusema nani alimlipa. Shauri liko mbele ya kadhi, kwa hiyo siwezi kulisemea zaidi.

Sasa utaratibu, na tafadhali usome mpaka mwisho kabla ya kupanda gari kuja mjini. Anza kwa msaidizi wa sheria wa shehia yako. Hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 na hawatozi malipo. Ukija kwetu, lete cheti cha ndoa, karatasi ya talaka kama imeshatoka, mkataba wa kununulia kiwanja hata kama haukusajiliwa, kila risiti, miamala ya simu, daftari la kikundi, na majina ya mashahidi wawili walioona kwa macho yao. Aliyehadithiwa hatusaidii. Lete asili na vivuli, yaani fotokopi, vyote viwili. Kila siku tunamrudisha mtu kwa sababu ya kivuli. Kama bado mnaongea, Ofisi ya Mufti inasuluhisha, na suluhu ikiandikwa ni nafuu kwa wote. Mjane njia yake ni nyingine, ya mirathi, aanzie Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Na usitengeneze risiti. Wapo wanaomwomba mwenye duka awaandikie leo risiti ya miaka mitano nyuma. Huko ni kughushi, na ukiapa mbele ya kadhi kwamba ni ya kweli, umeongeza kosa la kutoa ushahidi wa uongo. Yote mawili ni jinai. Utakuwa umetoka kwenye madai ya nyumba ukaingia kwenye kesi ya kifungo, wewe pamoja na mwenye duka.

Tunaambiwa pia kwamba madai haya yanapingana na dini. Suratun Nisaa, aya ya 32, inasema wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Pesa ya mke ni yake. Akiitoa kwenye ukuta, swali ni kama alitoa zawadi au alichangia, na hilo ndilo kadhi anapima. Tena jirani zetu wa Ngazidja, kule Visiwa vya Komoro, Waislamu kama sisi, desturi yao nyumba hujengwa kwa upande wa mke na ni ya mke. Ndoa ikivunjika, anayebeba sanduku ni mume. Sijasikia mtu akisema Wangazidja wametoka kwenye dini.

Mzee mmoja alisimama kwenye mkutano wetu wa shehia akasema mke anayeandika anachotoa ndani ya nyumba huyo anapanga kuachwa. Nilijua ana ngalawa kwa ubia na wenzake wawili, na nilijua wanaandika. Nikamuuliza kama daftari lile maana yake wanapanga chombo kizame.

Akasema: "Aa, mwanangu, lile si la pesa?"