"Spishi mpya" haina maana ya mnyama aliyezaliwa jana

Ukitaja kaa wa "spishi mpya" pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, wengi hudhani ni mnyama aliyezuka juzi au kuletwa na meli. Sivyo. Upya ni wa jina, si wa mnyama.

Mwaka 2004 kaa wawili wa Ziwa Tanganyika, Platythelphusa immaculata na Platythelphusa praelongata, walielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza. Kaa wa jenasi hiyo, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu liitwalo Platythelphusa, hawapatikani kwingine duniani, na jenasi yenyewe ina jina tangu 1887. Hao wawili walikuwa wakitambaa ndani ya ziwa hili miaka mingi kabla mtu hajawaandikia jina.

Na jina halitolewi kwa kuona tu. Kaa mdogo anaweza kuenea kwenye kiganja, ukadhani ni mtoto wa kaa mkubwa. Mtaalamu humweka chini ya hadubini, akatazama miiba ya ukingo wa gamba, umbo la gando, urefu wa miguu, na kwa dume, viungo vidogo vya uzazi vilivyokunjwa chini ya tumbo. Hapo ndipo spishi mbili zinazofanana kama pacha huachana. Kisha huandika maelezo, huyachapisha, na kaa mmoja huhifadhiwa kwenye makumbusho awe kielelezo cha jina hilo.

Kwa hiyo mvuvi anayesema "huyu namjua tangu utotoni" hampingi mwanasayansi. Wote wawili wanasema kweli.