Rafu ikifungwa, anayepotea ni yule asiyejua anataka nini

Mi ni mkutubi wa shule, na watu wakishajua hivyo swali ni lilelile kuhusu ule mwaka wa korona, eti watoto walisoma au hawakusoma? Nikifungua ripoti ya kuazimisha jibu linaonekana jepesi, mstari umeshuka kama jiwe kisimani. Ila ile ripoti inadanganya, tena inadanganya pande zote mbili, na kuna wakutubi wenzangu mpaka leo wanapanga mambo yao kwa kuangalia hiyo tu.

Mwezi wa 4 2020 UNESCO walikuwa wanahesabu wanafunzi kama bilioni 1.6 nje ya madarasa, nchi zaidi ya 190, sisi tulikuwa tone tu humo. Tulipoambiwa tufunge nilikuwa na wazo moja kichwani, vitabu viwafikie watoto, basi. Nikaiweka katalogi kwenye intaneti, nikatengeneza fomu ya kuomba kitabu, mzazi anapita getini anachukua, nikajipongeza kabisa. Wiki ya kwanza maombi yakaja, ya pili yakaja, halafu nikaanza kuona majina ni yaleyale. Wale wasomaji sugu, anajua mwandishi, anajua juzuu ya ngapi, na ukichelewa kumjibu anakukumbusha. Wengine wote kimya.

Nilichelewa kuelewa, nakiri. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kutafuta kitabu maishani mwao. Wanaingia, wanazurura, wanavuta kimoja sababu jalada limewavutia, wanasoma nusu ukurasa wakiwa wamesimama, wanakirudisha (pasipo pake, kila siku ya Mungu), wanavuta cha jirani yake. Sasa mtoto wa hivyo unampa kisanduku kwenye simu kinamwambia andika jina la kitabu. Aandike nini? Katalogi ni ya mtu anayejua anachotaka, rafu ndo ya asiyejua, na mi nilikuwa nimehamisha katalogi nikaacha rafu nyuma.

Na rafu haiwi hivyo kwa bahati. Mfumo wa Dewey wa 1876 uliwapa vitabu namba kwa mada, kwa hiyo ndugu wanakaa pamoja hata ukihamisha kabati zima. Mtoto anafuata papa kwenye 597 ya samaki, jicho linapita kwa ndege 598, anatoka amebeba popo wa 599. Ranganathan, mkutubi wa India, kwenye kanuni zake tano za maktaba za 1931, ya tatu inasema kila kitabu kina msomaji wake, na alitetea sana rafu wazi kwa sababu hiyohiyo, kitabu hakina miguu ya kumfuata msomaji. Nilisomea haya yote chuoni nikayajibia mtihani nikayasahau, mpaka milango ikafungwa.

Halafu kuna wale wasioazima kabisa. Wanasoma palepale mapumziko, kengele ikilia wanaacha kitabu mezani kimelala kifudifudi. Jioni nilikuwa nakusanya rundo zima narudisha, na hakuna hata kimoja kilichopita kwenye mashine. Hawa ripoti haikuwahi kuwaona, kwa hiyo walipopotea haikuona pia. Huo ndo uongo wa kwanza. Wa pili unaenda kinyume chake: kitabu kimeazimwa mara moja, kimekaa nyumbani miezi miwili, kinarudi dada mtu kasoma, mdogo wake kasoma, kuna alama ya kikombe ambayo hakuna anayeijua imetoka wapi. Kwenye mfumo hiyo ni moja tu.

Basi nikaanza kupiga picha rafu. Siyo jalada mojamoja, rafu nzima, migongo yote ionekane, namtumia kila darasa kwenye grupu lao la WhatsApp, namwambia chagua kwa kidole, nizungushie duara unirudishie. Siku mbili tu zikaanza kurudi picha zenye maduara, mengine yamezungushia vitabu vitatu kwa mpigo, na majina mapya kabisa kwangu. Kitu kimoja kilinichekesha na kunifundisha. Rafu ya nne mkono ulitikisika, picha ikatoka ukungu, na wiki hiyo hakikuombwa hata kitabu kimoja kutoka rafu ya nne. Nikaipiga upya ikaanza kutembea. Vitabu vilevile!

Fomu nayo nikaivunja. Nikaondoa pa kuandika jina la kitabu, nikabaki na maswali matatu: kipi cha mwisho ulikimaliza, unataka kinachofanana nacho au tofauti kabisa, na kitu gani hukitaki. Hilo la tatu niliweka tu kujazia nafasi, kumbe ndo dhahabu. Mtoto hajui anataka nini ila anajua vizuri sana amechoshwa na nini. Mmoja akaandika, "Mwalimu naomba kama kile cha safari, ila asife mtu." Mwaka ule sikuhitaji kumuuliza kwa nini. Kumtafutia kilinichukua karibu mchana mzima, hamjui ni vitabu vingapi vya watoto mtu anakufa mpaka uanze kutafuta visivyo na kifo.

Kila mfuko nilikuwa naweka vitatu, kimoja alichoomba, kimoja jirani yake wa rafuni, kimoja cha kubahatisha, na kipande cha karatasi ndani ya kila kimoja akiache ukurasa aliokomea. Hakuna kosa kuacha, niliwaambia hivyo. Vile vipande vilinieleza kuliko ripoti yoyote ya mfumo. Vitabu viwili tulivyokuwa tunavisifia miaka vilirudi karatasi iko ukurasa wa tisa, wa kumi na moja, mara tatu nne mfululizo. Nilivitoa rafu ya mbele kimyakimya.

Kuhusu karantini ya vitabu, yaani kuviweka kando vikirudi kabla hujamwazima mwingine, sitaki kukaa sana. Maabara ya Battelle huko Marekani ilipima 2020, jalada na kurasa zikiachwa peke yake siku tatu virusi havikuonekana tena, tukakimbilia siku tatu, halafu baadaye wakapima vilivyorundikwa wakakuta hata siku sita bado vipo. Na mi nilikuwa navirundika kwenye maboksi, aisee. Mwaka uliofuata ikaja kueleweka hatari ya kuambukizwa kwa kugusa vitu ni ndogo sana, maboksi yakaisha.

Vitabu vya kwenye simu navyo havikuwa mwarobaini kama tulivyodhani. Leseni nyingi ni nakala moja msomaji mmoja kwa wakati mmoja, foleni ipo kama kawaida, na zinaisha. Tangu 2011 kuna mchapishaji mkubwa aliweka kikomo cha kuazimwa mara 26 kisha ununue tena. Isitoshe simu ni ya mzazi, inarudi nyumbani jioni ikiwa na chaji kidogo na bando kidogo zaidi.

Faini za kuchelewesha niliziondoa mwezi wa kwanza tu wa kufungwa. Ukimdai mtoto faini kipindi kile harudishi kitabu, na ye mwenyewe harudi.

Milango ilipofunguliwa niliwaacha wazurure tu, sikuwapa fomu wala picha. Yule wa asife mtu akaenda moja kwa moja rafu ya nne, akavuta kitabu, akafungua ukurasa wa mwisho kwanza, akausoma wote amesimama, ndo akaja nacho mezani kwangu.