Ukingo, kabari au kukwangua: namna ya kuchagua mbinu ya kupunguza mashavu madogo ya uke

Mgonjwa akishalala na taa ikawashwa, yako mambo matatu ya kuyatazama kwenye shavu dogo, yaani ule mkunjo wa ndani wa ngozi ulio kila upande wa mlango wa uke, kabla ya kufikiria kisu: ukingo wake, unene wake, na pale hasa upana ulipozidi. Mbinu hutoka hapo. Daktari aliyezoea mkato mmoja akawakatia wote kwa mkato huo, baadhi atawapatia, na waliobaki atawapa lalamiko jipya.

Naanza na ukingo kwa kuwa ndio unaosahaulika. Kwa wanawake wengi wa kwetu ukingo wa shavu ni mweusi kuliko sehemu nyingine na una mikunjo midogo midogo, ilhali upande wa ndani ni wa waridi na wenye unyevu. Muulizeni mgonjwa waziwazi: huo weusi wa ukingoni anautaka au ndio unaomkera? Wengi hawajawahi kuulizwa, na mtu huona haya kulitaja mwenyewe. Jibu lake linagawa njia mbili kubwa. Akitaka weusi utoke, unakata ukingo. Akitaka abaki na ukingo wake wa asili ila shavu lipungue, unakata kabari, yaani kipande chenye umbo la V. Kukwangua na mbinu nyingine nitazieleza baadaye.

Lakini kwanza hakikisheni kwamba tatizo ni shavu. Muwasho na kuchubuka huletwa zaidi na fangasi, sabuni za manukato, kunyoa kwa wembe mkavu, pedi zenye harufu na chupi za nailoni kwenye joto letu la Machi. Ukimkata mtu mwenye fangasi utampa kovu juu ya muwasho uleule. Madoa meupe yenye ngozi nyembamba inayopasuka ni ugonjwa wa ngozi unaotaka dawa ya kupaka. Hapo kisu kinasubiri. Chini ya miaka 18 simkati mtu kwa ajili ya umbo, maana mwili bado unakua na shavu moja mara nyingi hutangulia jingine. Mjamzito hapana, na aliyejifungua asubiri walau miezi 6. Na kama anayezungumza muda wote ni mume, au shoga yake aliyemsindikiza, mtoeni nje ya chumba mumsikie mwenyewe.

Kuhusu ukubwa, "kawaida" ni pana kuliko watu wanavyodhani. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2005 uliwapima wanawake 50 waliokwenda hospitali kwa mambo mengine kabisa, na upana wa mashavu madogo ulikuwa kuanzia milimita 7 hadi 50. Isitoshe, katika baadhi ya jamii za kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji wasichana hufunzwa kuyavuta ili yarefuke, na huhesabiwa kuwa ni uzuri. Hapa Unguja wapo wenye asili ya huko. Daktari akilitaja shavu la mtu kama kilema kabla mwenyewe hajalalamika, amekosa adabu na amekosa elimu.

Upimaji wenyewe ni rula ndogo safi, magoti yamekunjwa, shavu limenyooshwa bila kuvutwa, kutoka shinani hadi ukingoni. Kisha mgonjwa asimame uone limechomoza kiasi gani nje ya mashavu makubwa, yale ya nje: mpaka sentimita 2, kati ya 2 na 4, au zaidi ya 4. Andika kushoto na kulia mbalimbali. Andika pia kama kifuniko cha kinembe nacho kimezidi, kwa sababu hiki kisipohesabiwa mapema ndicho kinachoharibu sura mwishoni.

Mkato wa ukingo ulielezwa kwenye majarida mwaka 1984, na ndio mwepesi kuufundisha. Chora mstari kwa kalamu kabla ya kuchoma ganzi, kwa kuwa dawa ikishaingia shavu linavimba na vipimo vyote vinapotea. Mstari uende kwa mpindo laini na uache walau sentimita 1 kutoka shinani. Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea: msaidizi analivuta shavu kwa koleo, daktari anakata sambamba na mstari uliovutika, na likiachiwa linarudi ndani na kubaki ufizi tu. Shavu lililokatwa mpaka shinani linaacha mlango wa uke wazi, unakauka, unawasha, na chupi inakwaruza. Kwa hiyo tumia mkasi mdogo wenye makali, kata kidogo, achia, tazama, kisha endelea. Juu usiingie kwenye mkunjo unaokwenda kwenye kinembe. Mishipa ya fahamu iko jirani. Chini usivuke katikati ili mikato miwili ikutane, maana kovu la mzunguko hujikaza na kuubana mlango.

Ushonaji wa ukingo ni uzi unaoyeyuka haraka, namba 5-0 (mwembamba sana; 4-0 ni mnene kidogo zaidi), mishono ya kimojakimoja iliyolegea. Ukishona kwa mfululizo na kuukaza uzi, shavu litapona na ukingo wa menomeno kama jani la kisamvu lililotafunwa na mbuzi, na hakuna mafuta ya kupaka yatakayounyoosha. Damu nayo isidharauliwe. Nyama ya hapa ina mishipa mingi inayojaa, kwa hiyo kila kinachovuja kichomwe kwa umeme mdogo kabla ya kufunga.

Udhaifu mkubwa wa mbinu hii ni ule wa kifuniko. Ukilishusha shavu mpaka likawa bapa huku juu umeacha kifuniko kinene kama kilivyokuwa, kinachomoza peke yake mbele, na mgonjwa ataanza kuhisi ana kitu cha kiume. Kwa mwenye kifuniko kilichozidi, ama kipunguzwe pembeni siku hiyohiyo, ama uchague kabari, ambayo yenyewe hukivuta kidogo chini.

Kabari ndiyo inayotaka mkono wa uzoefu. Ilielezwa mwaka 1998: unakata kipande chenye umbo la V pale shavu lilipochomoza zaidi, ncha ikielekea shinani, kisha unaunganisha kingo mbili zilizobaki. Ukingo wa asili unabaki na mikunjo yake, na kovu linakaa limelala kwa upana wa shavu badala ya kuzunguka ukingo wote. Mwaka 2000 madaktari wa Ufaransa walieleza V iliyosogezwa nyuma, wakatoa taarifa ya wagonjwa 163. Kwangu hii ya nyuma ina sababu nzuri ya kianatomia. Mshipa mkubwa wa damu wa shavu huingia karibu na katikati. V ikikaa nyuma yake, kipande cha mbele kinachovutwa kufunika pengo kinakuja na damu yake. V ya katikati huukata, na kipande kinabaki kutegemea mishipa midogo. Hupona, ila hakimsamehe daktari aliyechoma sana kwa umeme au aliyefunga kwa nguvu.

Kabla ya kukata, shika pande mbili za V kwa koleo laini uzikutanishe. Zikikutana kwa kuvutana, V ni kubwa mno. Vidole viwili viingie mlangoni bila kubanwa huku koleo zikiwa zimekutana. Visipoingia, punguza upana wa V, kwa maana mama huyu ataumia kila akikutana na mumewe. Kisha ushonaji wa tabaka tatu: ngozi ya ndani kwa 5-0, nyama ya katikati kwa 4-0 au 5-0, ngozi ya nje kwa 5-0. Tabaka la katikati ndilo linalobeba uzito wote. Anayeliruka ili kuokoa dakika kumi ndiye atakayempokea mgonjwa wiki ya pili na mshono uliofumuka. Mshono wa kwanza kabisa uuweke ukingoni, ili pande mbili zilingane. Usipofanya hivyo linabaki jino dogo linaloonekana na kuguswa.

Kufumuka ndiko kunakoisumbua kabari. Ukifumuka ukingoni inabaki pengo, ukifumuka katikati inabaki tundu. Usikimbilie kushona tena siku hiyo juu ya nyama iliyovimba na kulegea, uzi utakata kama kwenye sabuni. Safisha, tibu maambukizi kama yapo, ngoja uvimbe uishe, urekebishe baadaye. Na kuna suala la rangi: kabari inakutanisha ukingo wa mbele na wa nyuma, ambazo mara nyingi hazifanani weusi. Kwa mtu mweupe hili ni dogo. Kwa wetu mstari unaonekana, na mgonjwa aambiwe kabla, tena aonyeshwe kwa kioo pale pale.

Kwa hiyo nani apewe kabari? Mwenye shavu jembamba lililochomoza sehemu moja, anayeupenda ukingo wake, sukari yake imetulia na havuti sigara wala shisha. Shavu nene lenye mikunjo mpaka shinani, au lililozidi kwa urefu wote, linakwenda vizuri zaidi na mkato wa ukingo.

Kukwangua, mbinu iliyoelezwa mwaka 2000, ni kuondoa ngozi ya juu tu katikati ya shavu, ndani na nje, kisha kukunja na kushona, nyama na mishipa yake ikibaki. Inafaa kwa ziada ndogo, sentimita moja au kidogo zaidi. Ukiilazimisha kwa shavu kubwa, linakuwa fupi lakini nene, na mabaki ya ngozi yaliyozikwa ndani hufanya vivimbe vya maji. Mkato wa herufi Z au W upo pia, kusudi lake ni kuvunja mstari wa kovu usijikaze. Una mishono mingi na kona nyingi ambazo ngozi yake inaweza kufa. Leza si mbinu, ni kisu cha aina nyingine. Tangazo likisema "tunatumia leza", bado uliza wanakata wapi.

Ganzi ya sindano inatosha kwa wengi. Lidokeini ya asilimia 1 yenye adrenalini 1:200,000, mililita 10 hadi 20 kwa pande zote mbili. Kikomo ni miligramu 7 kwa kilo, na kila mililita ina miligramu 10, kwa hiyo mama wa kilo 60 asivuke mililita 42. Ukikaribia huko umeshachoma zaidi ya haja. Adrenalini inabana mishipa, na baada ya saa mbili tatu inaachia. Mshipa uliokuwa kimya thieta, yaani chumba cha upasuaji, ndipo unapoanza kuvuja, na damu ikivilia shavu linajaa na kuwa jeusi, gumu, lenye maumivu ya kupwita. Ndiyo maana mgonjwa wa Pemba hapandi boti kurudi bandari ya Mkoani jioni hiyohiyo. Alale mjini kwa ndugu siku mbili za mwanzo, mahali anapoweza kurudishwa hospitali usiku. Uvimbe wa pande zote mbili unaokuja polepole ni wa kawaida. Upande mmoja unaokua kwa saa ni wa kurudi mbio.

Operesheni ipangwe siku chache baada ya hedhi kwisha, jeraha lipate wiki mbili au tatu bila damu ya mwezi. Ramadhani ni bora ipite, kwani paracetamol gramu 1 kila baada ya saa 6 na maji ya kutosha havipangiki vizuri na saumu. Aspirini iachwe wiki moja kabla, kama haikuandikwa kwa ajili ya moyo.

Nyumbani adui wa mshono ni mapenzi ya jamaa. Mama au somo ataleta maji ya moto kumkanda kama mzazi. Hasha. Moto unafungua mishipa, na siku hizo za mwanzo jeraha linataka barafu iliyofungwa kitambaa, dakika 10 hadi 15, kisha kupumzishwa. Udi zifushwe nguo tu, zikiwa mbali na mwili. Kukalia chetezo hapana mpaka jeraha lifunge kabisa. Liwa, shabu, asali na chumvi vyote vibaki jikoni na kabatini. Kustanji kwa maji safi ya vuguvugu kunaruhusiwa tangu siku ya kwanza, yamwagiwe bila kusugua, kisha apanguse kwa kugusagusa. Masuala ya sala na damu inayodondoka ampelekee sheikh wake. Kwangu mimi maji hayana madhara.

Choo cha kuchuchumaa kinavuta mshono wa kabari hasa, basi atafutiwe kiti chenye tundu kwa wiki mbili. Ale papai, anywe maji, asijikamue. Bodaboda na baiskeli aviache, na daladala la njia ya mashimo akiweza aliepuke. Bahari asubiri wiki 6, na mume vilevile wiki 6, hata kama mishono imeshadondoka siku ya 14 na yeye anajiona mzima. Nyuzi kuyeyuka ni jambo moja, nyama kushika ni jingine.

Uvimbe huwapotosha wengi. Wiki ya pili shavu moja linaweza kuwa kubwa kuliko jingine, na mgonjwa akataka kurudishwa thieta. Umbo la mwisho halihukumiwi kabla ya miezi 3, na marekebisho hayafanywi kabla ya miezi 6, kovu likishalainika. Kilichobaki kirefu kinapunguzwa kwa dakika ishirini. Tundu la kabari hukatwa kingo zake na kufungwa upya kwa tabaka. Aliyekatwa mpaka shinani anaweza kujengewa ukingo kwa ngozi inayoteremshwa kutoka pembeni mwa kifuniko cha kinembe, kama kifuniko kipo cha kutosha; kwa sababu hiyo, daktari wa kwanza asikikate chote.