Kebo hukatika kimyakimya: dhana potofu kuhusu uimara wa gia za umeme na za kebo

Sentensi niliyoisikia kupita kiasi huja hivi: "Fundi, hizi zangu ni za kebo, hazina cha kuharibika. Za umeme ndizo hazichukui muda." Mara nyingi anayeisema ameniletea baiskeli kwa sababu mnyororo haupandi tena sproketi kubwa, yaani gurudumu kubwa la meno la nyuma, na nikifunua mpira wa shifta, kile kishikio cha kubadilishia gia, nakuta nyuzi za kebo zimechanua kama mswaki uliozeeka. Nimeijibu kwa mdomo mara nyingi. Leo naijibu kwa maandishi, pamoja na wadogo zake.

Dhana: gia za kebo hudumu milele, za umeme hufa mapema

Imani hii haikutoka hewani. Waliozoea baiskeli za zamani, zenye shifta ndogo kwenye bomba la chini la fremu, waliona gia zikifanya kazi miaka na miaka bila kuguswa. Kebo ya shifta zile ilikuwa fupi, ilinyooka karibu njia nzima, na haikuwa na kituo cha kila gia. Mwendeshaji alisogeza shifta mpaka mnyororo utulie, basi. Kebo ikilegea kidogo, kidole kilifidia bila mtu kujua.

Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ikaleta SIS, mfumo ambao shifta yenyewe ina vituo, na mwaka 1990 ikaziweka shifta ndani ya mikono ya breki kwa jina la STI. Kuanzia hapo kebo ilipewa kazi nyingine kabisa. Haivuti tu, inapima. Kwenye kaseti, yaani fungu la sproketi za nyuma, ya gia 8 ya Shimano, kutoka sproketi moja hadi nyingine ni milimita 4.8. Kwenye kaseti ya gia 11 ni kama milimita 3.7. Msuguano mdogo ndani ya kava, ule mrija ambamo kebo hupita, ambao gia 8 ziliuvumilia, kwenye gia 11 unatosha kuufanya mnyororo usite katikati ya sproketi mbili. Kwa hiyo anayeniambia gia za kebo za mzee wake zilidumu miaka 20 anasema kweli, ila anazungumzia kifaa ambacho yeye mwenyewe hana.

Sasa tuingie ndani ya shifta, maana humo ndimo ubishi huu unakoishia. Kebo ya gia ina unene wa milimita 1.2 hivi, nayo imesukwa kwa nyuzi nyembamba za chuma. Kichwa chake hukaa kwenye kigurudumu kidogo kinachozunguka kila unapobadili gia. Kikizunguka, kebo hujikunja. Kikirudi, hujinyoosha, na siku zote ni pale pale, karibu na kichwa. Chuma kinachokunjwa mahali pamoja maelfu ya mara huchoka, hata kiwe cha ubora gani. Nyuzi huanza kukatika mojamoja. Kwenye shifta za STI ambazo kebo ya gia hupita chini ya utepe wa usukani kona ni kali zaidi, na mkatiko hutokea ndani kabisa, mahali ambapo mwenye baiskeli hawezi kupaona akiwa amesimama kando yake.

Dalili zipo, na ndizo watu wanazozipuuza. Wiki hii direla ya nyuma, kile kifaa kinachosogeza mnyororo kati ya sproketi, inachelewa kupanda. Unakaza kirekebishi, kile kifundo cha kukazia kebo, robo mzunguko, inatulia. Baada ya siku chache inachelewa tena, unakaza tena. Ukiulizwa unasema kebo "imevutika". Kebo mpya hujiweka sawa mwanzoni, hilo ni la kawaida. Iliyokwisha kutulia haiendelei kurefuka wiki baada ya wiki. Kinachorefuka ni nyuzi chache zilizobaki, zinazobeba mzigo wa wenzao waliokatika. Ukijikuta unakaza kirekebishi mara ya pili ndani ya muda mfupi, na kebo si mpya, acha kukaza. Itoe uitazame.

Usipoitoa, itajitoa yenyewe. Siku ikikatika, springi ya direla huvuta mnyororo mpaka sproketi ndogo kuliko zote, na safari iliyobaki unaimaliza kwa gia nzito. Hata hivyo, hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni kwamba kichwa cha kebo kimebaki ndani ya shifta, na vipande vya nyuzi vimejisokota kwenye meno na springi zake. Nitakaa na sindano na koleo nyembamba nikivua kipande kimoja kimoja. Wakati mwingine hutoka. Wakati mwingine shifta ndiyo imeisha, na kwa shifta za STI huuziwi matumbo yake, unanunua nzima. Kampuni ya Campagnolo kwa miaka mingi ilikuwa na utaratibu tofauti: shifta zake nyingi za Ergopower hufunguliwa na springi za ndani hubadilishwa. Naiheshimu sana tabia hiyo, na natamani wengine wangeiiga.

Ushauri wangu kwa mtu anayeendesha mara kwa mara baiskeli ya gia 11 au 12: badilisha kebo ya gia kila mwaka, na kava yake pia. Usinibishie kwamba bado inavuta. Kebo yenye nusu ya nyuzi zake bado inavuta. Kava nayo ikate kwa mkasi wa kebo, si koleo la kawaida linaloponda tundu. Fungua tundu kwa sindano, kisha vika ncha kofia zake. Na nitalisema hili hata kama hukuniuliza: kava ya gia na kava ya breki si kitu kimoja. Ya gia ina nyuzi zilizolala kwa urefu ili isibonyee. Ya breki imezungushwa chuma kama springi ili istahimili nguvu. Ukiweka ya breki kwenye gia, gia hazitatulia kamwe. Ukiweka ya gia ya kawaida kwenye breki, inaweza kupasuka siku unapozibana kwa nguvu, na hapo hatuzungumzii tena gia.

Linganisha sasa na mfumo wa umeme. Shifta yake ni swichi. Direla ina mota ndogo yenye meno ya kupunguza mwendo, inayojua imesimama wapi na isogee kiasi gani. Hakuna kebo inayochoka, hakuna kava inayojaa tope. Yaani kile kinachochakaa haraka kuliko vyote katika mfumo wa kubadili gia hakimo. Vilivyobaki, yaani pini za viungo vya direla, springi, klachi kwa zenye nayo, vile vigurudumu viwili vinavyoongoza mnyororo, huchakaa kwa namna ileile kwenye mifumo yote miwili. Direla za umeme ninazolazimika kuziondoa kwenye baiskeli ni zile zilizopigwa na mwamba au zilizolaliwa na baiskeli ilipoanguka. Sizioni zikichoka mota.

Dhana: maji huua gia za umeme

Hofu hii ilikuwa na msingi miaka ya 1990. Kampuni ya Mavic ilileta gia za umeme za Zap mwanzoni mwa muongo huo na Mektronic mwaka 1999, na zote mbili zilijijengea jina la kusumbua. Dura-Ace Di2, mfumo wa umeme wa Shimano uliofika madukani mwaka 2009, ni kizazi kingine. Waendeshaji wa kulipwa hushindana kwa gia za umeme kwenye mvua na matope, wala hakuna anayesimama kungoja kukauke.

Kinachoharibu ni vitu vingine. Plagi ya waya iliyosukumwa nusu, isiyolia "tiki", hupitisha unyevu na kuota kutu ya kijani. Mashine ya maji ya presha ikielekezwa kwenye viungo husukuma maji mahali ambapo mvua haiwezi kuyafikisha, na kwa hilo gia za kebo nazo hazisalimiki. Halafu jasho. Anayefanya mazoezi ndani ya nyumba, baiskeli ikiwa imesimama, huimwagia chumvi saa nzima mahali pamoja. Futa shifta na usukani kila ukimaliza.

Dhana: betri ikiisha umekwama

Mfumo wa Di2 betri ikikaribia kuisha huacha kwanza kusogeza direla ya mbele, kisha ya nyuma, na mnyororo hubaki kwenye gia uliyokuwa nayo. Unapata onyo kabla. Kwenye gia za kampuni ya SRAM zisizo na waya, betri ya mbele na ya nyuma ni sawa, hivyo ya nyuma ikiisha unazibadilishana. Wanaokwama kweli ni waliosahau betri ndogo za sarafu ndani ya shifta, CR2032 kwa SRAM na CR1632 kwa shifta za barabarani za Shimano za gia 12. Hizo hudumu muda mrefu hadi mtu anasahau kwamba zipo. Weka moja kwenye mfuko wa vifaa. Na baiskeli ikisafiri ndani ya gari, hakikisha hakuna kinachobonyeza shifta. Za SRAM toa betri kabisa, maana mtikisiko huziamsha.

Betri kubwa nayo huzeeka. Ni ya lithiamu, na haipendi kuwekwa miezi mingi ikiwa tupu. Ikipungua nguvu unabadilisha betri, hubadilishi direla.

Dhana: umeme hauhitaji kurekebishwa

Hii huja kwa walionunua juzi. Mota inasogea kwa usahihi mahali ilipoambiwa, lakini haijui kwamba hanga, kipande kinachoshikilia direla kwenye fremu, imepinda. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, au ikiegeshwa vibaya ikalalia direla, hanga hupinda kidogo tu, na sproketi ziko mahali pale pale wakati direla imeinama. Kwa kebo utasema kebo imelegea. Kwa umeme utasema programu ina kasoro, utasasisha programu, na gia zitaendelea kupiga kelele. Mimi hupima hanga kwa kipimo chake kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kwa mfumo wowote. Skrubu za mipaka, zinazozuia direla isipitilize, zipo pia kwenye direla za umeme, na zikiwekwa vibaya mnyororo unaweza kuingia kwenye spoku vilevile.

Kuhusu kuanguka: Di2 ina kinga inayoachanisha mota na viungo inapopigwa, ili meno yasivunjike. Baada ya kuanguka, gia zikigoma, jaribu kwanza kuirudisha kwa kitufe chake kabla ya kutangaza kwamba direla imekufa.

Dhana: gia za umeme huongeza maisha ya mnyororo

Hapana. Mnyororo huchakaa kwa mchanga, kukosa mafuta na nguvu za miguu. Tena umeme una kishawishi chake. Kwa kuwa kidole hakihisi ugumu wowote, watu hubadili gia huku wamesimama juu ya pedali kwenye mlima, na mota hutii. Punguza nguvu nusu mzunguko unapobonyeza. Pima mnyororo, na kwa gia 11 au 12 utoe unapokuwa umerefuka kwa asilimia 0.5.

Dhana: shifta isiyoshika imekufa, nunua mpya

Hii ni ya upande wa kebo na huniuma, kwa sababu watu hutupa vifaa vizima. Shifta ya zamani ikibonyezwa bila kushika chochote, hasa baada ya kukaa muda mrefu bila kutumika, mara nyingi grisi ya kiwandani imeganda na vile vidole vya ndani havirudi kuuma meno. Toa kebo, puliza dawa ya kuyeyusha grisi ndani yake, bonyeza mara nyingi mpaka meno yaanze kushika, kisha weka mafuta mepesi. Funika breki za diski kabla ya kupuliza. Nyingi hufufuka.

Dhana: basi umeme ndio wa kudumu kuliko kebo

Waliosoma hadi hapa wasinielewe vibaya. Umeme hauchakai upesi, lakini hupitwa na wakati. Direla ya kebo ya gia 9 leo bado inapokea kebo ileile inayouzwa kila mahali. Di2 ya kwanza, ile ya Dura-Ace 7970, hutumia waya zake zenyewe ambazo haziingiliani na mfumo wa E-Tube uliofuata. E-Tube nayo ilikuja na waya za EW-SD50, na kizazi cha gia 12 kikahamia EW-SD300 zilizo nyembamba zaidi, ambazo plagi zake haziingii kwenye matundu ya zamani bila kiunganishi cha kati. Kitu kizima cha kufanya kazi kinaweza kulala kwa kukosa waya mmoja. Na mota ikiharibika kweli, fundi haifungui. Unanunua direla nyingine.

Kwa hiyo anayenunua baiskeli iliyotumika yenye gia za umeme aulize kwanza namba ya modeli ya direla na aina ya waya, kisha ahakikishe kwamba betri, chaja na waya za kizazi hicho bado zinapatikana. Ya kebo, aombe mpira wa shifta ufunuliwe na kebo itolewe mbele ya macho yake mpaka kichwa kionekane.